Moshi Mweupe Juu ya Lemera

Yaya Sadiki,

Barua ya kawaida huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, maana nilitembea nyuma ya jeneza lako mpaka kaburini, kwa hiyo nianze na habari za huku. Mpunga wa Bwegera tumeuvuna kabla haujakauka vizuri, kwa sababu askari wa kila upande wana njaa na mpunga ulioachwa shambani haumngoji mwenyewe. Shule imefunguliwa tena, ingawa darasa langu lina mabenchi manne tu, mengine yalikuwa kuni za watu. Faida na watoto wako waliishi kwangu zaidi ya miezi saba. Wamerudi Uvira juma lililopita. Hapo nakusikia ukiniuliza, kwa sauti yako ile ya kaka mkubwa, mke wako alitafuta nini Bwegera wakati ulimjengea nyumba kwa mikono yako mwenyewe. Ndiyo sababu naandika.

Walisema uliiuza helikopta.

Hatukuwa tumemaliza hata wiki mbili tangu tukuzike. Walisema watu wa msituni walikupa kitu ili uiangushe. Wewe ndiye uliyekaa nyuma ya rubani, wewe ndiye uliyemwonyesha njia, na njia ile iliishia kwenye miti. Mmoja alisema, wa pili akaongeza chumvi, wa tatu akaapa kwamba alikuona Katogota ukiongea na watu wenye bunduki. Lisemwalo lipo, ndivyo wasemavyo wenye midomo mirefu. Askari walikuja kwa Faida mara mbili, wakapekua hadi magunia ya muhogo. Mara ya tatu hawakuja, ila jirani alimwita kupitia ukuta: "Mama Neema, toka hapa leo leo. Bantu wa mtaa wanasema watachoma nyumba na weye ndani." Akanifikia jioni na watoto watatu, sufuria moja kichwani, miguu imejaa vumbi.

Na mimi, Yaya, nilikuwa najua jambo juu ya kuanguka kwenu. Nilijua moshi ulitoka wapi. Nilimpokea mke wako, nikamtandikia mkeka, nikanyamaza.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Huko uliko sijui kama mtu huona yote, au huona kile tu alichokuwa akikitazama mara ya mwisho.

Kazi ile ya kuwaongoza marubani wa helikopta ya dawa uliipenda kupita kiasi. Walipokupa kofia ya shirika hukuivua hata kanisani, mpaka Padri alipokukazia macho katikati ya mahubiri. Marubani wageni hawakujua kilima kipi ni kipi, wewe ulivijua kwa sababu ulilelewa na Shangazi Veronika kule juu ya Lemera, ukichunga mbuzi wake. Redio hazikuwepo vilimani, zote zilikuwa zimenyang'anywa. Basi ukabuni njia yako. Siku ya safari watu wawashe moto kwenye kiwanja cha mpira, waufunike kwa majani mabichi ya mikaratusi, utoke moshi mweupe. Rubani angejua kiwanja kiko wapi na upepo unatoka wapi. "Iko rahisi kabisa," ulituambia, ukijipigapiga kifua. "Moshi mweupe, tunashuka. Hakuna moshi, tunarudi." Mzee Simoni, jirani wa Shangazi, ukamfanya mtunza moto wa kiwanja. Alijivunia cheo hicho kuliko wewe ulivyojivunia kofia.

Kitu kimoja hukukifikiria, wala hakuna mwingine aliyekifikiria. Hukufikiria kilio.

Shangazi alikufa Jumanne asubuhi. Aliugua siku nne, na siku zote hizo alikuwa na swali moja tu: "Sadiki iko wapi? Amefika?" Tukimwambia uko njiani, anatulia, kisha anageuza uso kuelekea mlangoni na kuuliza tena. Mara ya mwisho hakuuliza. Alisema, "Anakuya," akafumba macho. Nilimtuma mtu wa baiskeli ashuke akuletee habari, lakini alizuiwa kwenye kizuizi cha askari kabla ya Sange, akalazwa chini pamoja na wapita njia wengine siku nzima. Hukupata habari. Uliruka Jumatano bila kujua kwamba aliyekulea amelala chumbani, amefunikwa shuka.

Unajua desturi yetu. Mtu akifa hakuna anayeshika jembe, kilima kizima kinahamia kwenye kilio, na moto wa uani haufi mpaka siku ya kutoa majivu. Kwa hiyo Mzee Simoni naye aliacha kiwanja. Ni nani angethubutu kuonekana akikata majani ya helikopta na Veronika hajazikwa? Tena alikuwa na hesabu yake, na haikuwa mbaya: "Wasipoona moshi, watarudi. Njo vile Sadiki alitufundisha."

Mimi niliachiwa moto wa kilio.

Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zilikuwa mbichi, makaa yakaanza kuwa meusi pembeni. Kuacha moto ule ufe ni aibu ya ukoo. Tena unakumbuka wazee walivyotutisha tulipokuwa wadogo, kwamba moto wa kilio ukizimika, marehemu hutafuta mtu wa kwenda naye. Nikachukua panga, nikakata matawi ya mikaratusi ya Shangazi, nikayafunika makaa yasilowe. Kiwanja hakikunijia akilini. Naapa, Yaya, hakikunijia hata kidogo. Moshi ukapanda mweupe na mnene. Hakukuwa na upepo. Ulisimama wima uani kama mtu aliyeitwa jina, halafu ukaingia kwenye ukungu na kuutoboa. Bibi mmoja alisema polepole, "Veronika anapanda." Wanawake wakaongeza sauti ya kulia.

Ndipo tukasikia mlio juu yetu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani yule wa baiskeli amekufikia, nawe umewabembeleza wageni wakulete uzike. Ungeweza kabisa, ulikuwa na maneno. Nikavua kitenge changu cha juu nikakipunga. Ukungu ulifunguka kidogo, nikaona tumbo la chuma karibu kuliko nilivyowahi kuliona, nikaona kioo, kisha mapanga yanayozunguka juu yake yakagusa miti.

Yaliyofuata siyaandiki. Mlikuwa sita, na wazee walisema majivu ya Shangazi yasitolewe bado. Wakaongeza kuni. Moto uleule ukawalilia nyote saba.

Tangu hapo kilima hakiko sawa. Asubuhi za ukungu watu wanasikia mlio, wanawaita watoto ndani na kufunga milango, na ukungu ukiondoka hakuna kitu angani. Mbuzi wa Mzee Simoni hawali pale mlipoanguka. Wanafika ukingoni, wanasimama kwa mstari na kutazama juu, mpaka mtu aende kuwafukuza kwa fimbo. Mikaratusi iliyokatwa vichwa imechipua, lakini imechipua upande mmoja tu, upande mliotokea. Unanijua, mimi si mtu wa kumeza kila kinachosemwa, ndiyo maana niligombana na nusu ya Bwegera. Ila nilipoitazama miti ile nilishuka mlima bila kuaga.

Wachunguzi walichelewa karibu miezi sita kwa sababu ya mapigano. Watu wakawaita bantu ba anketi, watu wa uchunguzi. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mgeni, nywele fupi, mpole, ambaye sikumsikia akiinua sauti hata mara moja. Walitafuta mtu anayejua Kifaransa na Kifuliiru, wakaelekezwa kwa mwalimu wa Bwegera. Hawakuniuliza nina undugu gani na marehemu. Sikuwaambia. Nilikubali kazi kwa sababu mbili, na nikuambie zote mbili: nilitaka kusikia watasema nini juu yako, na nilitaka kujua kama wananitafuta.

Waliokota vipande vyote, hata vile ambavyo watu walikuwa wamefanya mifuniko ya vyungu. Walivisafisha kwa brashi, wakavipanga juu ya turubai, kila kimoja na namba yake, mpaka helikopta ikalala pale chini, bapa, inayotambulika. Walipima mafuta. Walifungua injini. Siku ya nne yule mama alisimama, akajifuta mikono, akasema mashine ilikuwa nzima hadi dakika ya mwisho. Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Kama chuma hakina kosa, wamebaki watu.

Mzee Simoni alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akaeleza habari ya kiwanja, ya kilio na ya moto wa uani. Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mama akauliza: nani aliufunika ule moto kwa majani mabichi?

Siku ile ya kilio Mzee Simoni alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Aliniona na panga mkononi. Alinitazama, akasema, "Sikuona. Bantu walikuwa wengi." Nami nikauchukua uongo ule nikautia katika Kifaransa safi, kile ulichokuwa ukinicheka nacho, ukisema naongea kama redio. Baadaye alinivuta pembeni. "Minye niko muzee, mwanangu. Nitaibeba. Weye bado uko na siku nyingi." Aliniokoa kwa mapenzi, na nilikubali kuokolewa.

Lakini tazama uongo ulivyofanya kazi yake. Afisa wa jeshi aliyewasindikiza wachunguzi alikuwa akisikiliza. Akasema, basi ni mtego: mtu asiyejulikana amewasha moshi wa uongo, na Sadiki akamwonyesha rubani kwa sababu walipatana. Akaliandika katika daftari lake, akalipigia mstari. Kimya changu, ambacho nilidhani kinanificha tu mimi, kilikuwa kinakufunga wewe. Jioni hiyo nilikula na Faida sahani moja, naye akaniuliza wageni wamesema nini. Nikamwambia bado.

Baada ya wiki tatu waliniita Uvira. Walikuwa wamekodi nyumba karibu na ziwa, upande wa Kavimvira. Ilikuwa saa nane mchana, madirisha wazi, nje wanawake wanaanika samaki wadogo wa ndagala mchangani na kutaniana, na milima ya Burundi ng'ambo inaonekana wazi kabisa. Mezani kulikuwa na mashine ndogo, na yule afisa wa jeshi alikaa pembeni na daftari lake. Yule mama alinieleza kwamba ndani ya helikopta hukaa kisanduku kinachohifadhi sauti, na chenu kilipona. Sauti za marubani wamekwisha kuzisikiliza. Kuna mtu mwingine anayeongea lugha wasiyoijua. Akanivika vile vidude vya kusikilizia masikioni.

Kwanza nilisikia ngurumo. Kisha ulikohoa.

Yaya, nilisahau kwamba kikohozi cha mtu ni chake peke yake. Nilishika meza. Ulikuwa unaongea na muuguzi wa Lemera aliyepanda nanyi, kwa Kifuliiru, umechangamka kama kawaida yako. Ulimwambia umemuota Shangazi. Amekaa mlangoni, anakuuliza mbona hufiki. Ukamwambia leo mkimaliza kushusha dawa utakimbia ukamsalimie, umemchukulia sukari. Muuguzi akacheka. Shangazi alikuwa amekwisha kulala siku nzima chini ya shuka.

Halafu marubani wakaanza kuongea kwa kasi. Wewe ukasema kwa Kifaransa, moshi ule pale. Mmoja aliuliza una hakika, maana mahali palionekana pembamba. Nawe ukarudi kwenye lugha yetu, kana kwamba unajisemea: "Ngoja. Kuna mtu anapunga kitenge. Ni Mapendo. Ni dada yangu yule." Ukamwambia rubani ashuke.

Sikujua, Yaya. Miezi yote ile sikujua kwamba uliniona.

Kishindo hakikuwa kikubwa kama nilivyokikumbuka. Baada yake ngurumo ilikatika, lakini kisanduku hakikunyamaza. Kiliendelea kusikiliza. Kwa mbali kulikuwa na wanawake wanalia, kilio cha Shangazi, ambacho hakikuwa kimepata nafasi ya kugeuka kuwa chenu. Kisha sauti moja ikaja inakaribia, inakimbia, inaita "Yaya! Yaya!" Nilikuwa nikijisikia mwenyewe nikikuita, lakini nikijisikia kutoka ndani, kutoka pale ulipokuwa. Nilivivua vile vidude vya masikioni nikaviweka mezani kwa mikono miwili, visianguke.

Yule mama akauliza, "Anasema nini?"

Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyekuelewa. Ningeweza kusema ulikuwa unasali. Nje mwanamke mmoja alimwambia mwenzake kitu kuhusu mume wake na wote wakacheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo chako kilikuwa kimekwisha kuniumbua masikioni. Nikatafsiri. Ndoto, sukari, moshi, kitenge, jina. Sikuruka kitu.

"Mapendo ni nani?"

Nikasema ni mimi. Nikasema moto ulikuwa wa kilio, majani niliyakata mimi, kwa panga la Shangazi, ili mvua isituzimie. Nikasema Mzee Simoni alidanganya kwa kunihurumia, na kama kuna adhabu asipewe yeye. Afisa aliweka kalamu chini. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa gumu zaidi kwangu. Walinitoa kazini siku ileile, ilivyo haki, wakamleta mtu wa Bukavu asikilize upya. Alisikia niliyoyasikia.

Raporo yao ilisomwa mbele ya watu Uvira, na afisa yule alikuwepo. Imesema mawingu yalikuwa chini, hapakuwa na redio, hapakuwa na alama nyingine ya kuthibitisha kiwanja, rubani aliamua kushuka kabla ya kuona ardhi vizuri, na moshi wa kilio ulidhaniwa kuwa moshi wa kiwanja. Imesema hapakuwa na hila ya mtu yeyote. Nilisimama nyuma kabisa. Jina lako liliposomwa, wale waliokuona Katogota walianza kutazama viatu vyao. Yule mama alinishika mkono wakati wa kuondoka, akaniambia moto mmoja hauangushi helikopta peke yake. Nilimshukuru. Sikumwamini.

Lakini Faida nilikuwa nimemwambia kabla, jioni ileile niliyotoka kukusikia. Sikutaka ayapate kwa watu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza yote, na mkono wake haukusimama. Alimaliza ungo mzima, akautua chini.

"Minye nilikuwa naamini," alisema. "Unasikia, Mapendo? Niliamini alituuza. Miezi yote nimelala namchukia muntu asiye na kosa. Nimekataza watoto wasitaje jina lake. Na weye ulikuwa hapa, unaniona."

Akawaita watoto, akawakalisha mbele yake, akawaambia baba yao hakufanya ubaya wowote. Kisha akalia. Siku ya mazishi hakulia, nadhani uliona, tulidhani ni mshtuko. Alilia jioni hiyo kana kwamba habari ya kifo chako imemfikia wakati ule, na kwa kweli ndiyo kwanza ilikuwa imemfikia. Nilinyoosha mkono nimshike, akausukuma. Siku mbili baada ya raporo kusomwa alifunga vitu vyake akarudi Uvira. Neema ananiambia wameing'arisha picha yako na kuitundika ukutani, na majirani wanaleta samaki na aibu zao. Mimi Faida hanisalimu.

Ana haki. Nilikuwa na neno moja ambalo lingempunguzia miezi yote ile, nikaliweka mdomoni kwa kuogopa, nikamwona akikauka. Sitamsumbua kwa kuomba msamaha kila siku. Nitakwenda kila Jumapili baada ya Misa, nikae kwenye ngazi za mlango wake, anifungulie au asinifungulie. Na siku Neema atakapouliza yaliyobaki, hataambiwa na watu wa sokoni. Nitamwambia mimi, kwa mdomo huu huu, ni nani aliyefunika ule moto, na kwamba baba yake alishuka kwa sababu alimwona dada yake akamwamini. Hiyo nakuahidi, Yaya, na ahadi hii sitaivunja.

Msalimie Shangazi. Mwambie moto wake sikuuacha ufe.

Pumzika sasa. Jina lako limerudi ndani ya nyumba yako. Mimi bado niko nje, kwenye ngazi.

Dada yako,
Mapendo